Malawi 2004–2010: watumishi waliongezeka, mishahara ikabaki ya kuazima

Mwaka 2004, wizara ya afya ya Malawi na wahisani wake walipokaa kupanga namna ya kupata watumishi wa kujaza hospitali na vituo vya afya, hawakujiwekea lengo la Shirika la Afya Duniani (WHO). Walilenga kuifikia Tanzania. Msomaji wa Kitanzania ataguna, maana miaka miwili baadaye WHO ilitoa orodha ya nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, zile zenye madaktari, wauguzi na wakunga chini ya 2.28 kwa kila watu 1,000, na nchi zote mbili zilikuwamo. Lakini lengo lile halikuwa mzaha. Linaonyesha Malawi ilikuwa inaanzia wapi. Linaonyesha pia kwamba waliopanga walijua jambo ambalo mipango mingi ya afya hulisahau: lengo likiwa mbali mno na uwezo, hakuna mtu wa Hazina atakayekaa kulitafutia fedha.

Mpango uliozaliwa pale, Mpango wa Dharura wa Rasilimaliwatu katika Afya (EHRP), ulidumu miaka sita na unatajwa mara nyingi kama mfano wa mafanikio. Nami nakubali kwamba ulifanikiwa. Ninachobisha ni namna mafanikio yake yanavyosimuliwa, kana kwamba kisa kiliisha mwaka 2010. Sehemu yenye mafunzo zaidi kwa wapangaji ni ile iliyofuata.

Hali ilivyokuwa

Malawi ilikuwa na watu wapatao milioni 12. Wilaya 10 hazikuwa na daktari hata mmoja wa wizara, na kati ya hizo 4 hazikuwa na daktari yeyote, wa serikali wala wa misheni. Zaidi ya nusu ya nafasi za wauguzi zilizokuwa kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, zilikuwa wazi. Katika wilaya 5, ukigawanya wauguzi kwa idadi ya vituo unapata chini ya mmoja, yaani kuna vituo vilivyofunguliwa asubuhi bila muuguzi yeyote. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka huohuo ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 984 kwa kila vizazi hai 100,000.

Nje ya nchi lawama zilielekezwa kwa uhamaji. Ulikuwa ukirudiwa msemo kwamba madaktari wa Malawi walioko Manchester ni wengi kuliko walioko Malawi kwenyewe. Msemo huo ulinoga mikutanoni na ulisaidia kuamsha dhamiri za Waingereza, lakini kama uchambuzi wa chanzo ulipotosha. Malawi haikuwa na chuo chake cha udaktari hadi 1991, kilipofunguliwa kile cha Blantyre, na kwa miaka mingi kilitoa madaktari wachache sana kwa mwaka. Hata wote wangebaki, wilaya nyingi zingeendelea kusubiri.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikupendeza kutajwa: watumishi wenyewe walikuwa wanakufa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi nzima ulionyesha kwamba katika mwaka 1999 pekee, takriban watumishi 2 kati ya kila 100 walifariki, wengi wao kwa magonjwa yanayoambatana na UKIMWI na kwa kifua kikuu. Asilimia mbili huonekana ndogo hadi uilinganishe na uzalishaji. Nchi inayohitimisha wachache na kuzika wengi kila mwaka haiwezi kujaza ikama hata ikifunga mipaka yake. Juu ya hapo kulikuwa na wale walioacha wodi wakaenda kwenye miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali, ambako mshahara ulikuwa mzuri na zamu za usiku hazikuwapo. Hao hawakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hawakuonekana kwenye takwimu za uhamaji.

Uamuzi wa kulipa mishahara kwa fedha za msaada

Mwanzoni mwa 2004 Suma Chakrabarti, katibu mkuu wa idara ya misaada ya Uingereza (DFID), na Peter Piot, aliyekuwa akiongoza UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, walitembelea Malawi pamoja. Malawi ilikuwa ikijiandaa kuanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo, na swali likawa la kawaida kabisa: nani atazitoa? Dawa zilikuwa zinakuja, mikono haikuwapo.

Mpango ulikuwa na sehemu tano. Kupandisha kipato cha watumishi waliopo ili wasiondoke na walioondoka warudi. Kupanua vyuo vya ndani. Kuleta madaktari na wakufunzi wa kujitolea kutoka nje kuziba pengo wakati vyuo vikipanuka. Kuimarisha idara ya utumishi ya wizara. Na kufuatilia matokeo. Uingereza ilitenga pauni milioni 100 kwa sekta ya afya kwa miaka sita, na pauni milioni 55 kati ya hizo zilikuwa za mpango huu. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria nao uliingiza fedha, hasa kwa ajili ya ajira na mafunzo.

Sehemu ya kwanza ndiyo iliyovunja mwiko. Kwa kawaida mhisani hujenga jengo, hununua gari, hulipia semina, kisha hutoa hotuba kuhusu uendelevu. Mshahara huachiwa serikali, kwa hoja kwamba mhisani hawezi kulipa gharama isiyo na mwisho. Hoja hiyo ina mantiki, lakini matokeo yake ni zahanati mpya yenye friji ya chanjo na isiyo na mtu wa kuchanja. Malawi ilipata kukubaliwa kwamba kada 11 za kipaumbele zilipwe nyongeza ya asilimia 52 ya mshahara, sehemu kubwa ikitoka kwa wahisani. Haikuingizwa kwenye ngazi za mishahara moja kwa moja, ililipwa kama nyongeza ya pembeni, ili walimu na polisi wasidai kupandishiwa kwa uwiano huohuo na ili Hazina, iliyokuwa chini ya jicho la Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu ukubwa wa mishahara ya umma, ipate kupumua. Nyongeza yenyewe ilikatwa kodi, hivyo kilichofika mfukoni kilikuwa pungufu ya kile kilichotangazwa, na manung'uniko yakaanza mapema.

Jambo moja dogo katika uamuzi huu nalipa alama za juu. Nyongeza ilijumuisha watumishi wa hospitali za makanisa zilizo chini ya jumuiya ya CHAM. Hospitali hizo hutoa zaidi ya theluthi moja ya huduma za afya nchini, nyingi zikiwa vijijini, na vyuo vyake hufundisha sehemu kubwa ya wauguzi. Kama serikali ingewaongezea watu wake peke yao, ingekuwa imewachota wauguzi wa misheni na kuhesabu uhamisho kama ongezeko.

Lingine lilikosewa. Asilimia 52 ilikuwa ileile kwa muuguzi wa Lilongwe na kwa muuguzi wa kituo kisicho na umeme wala nyumba ya mtumishi. Nyongeza ya namna hiyo inampa mtu sababu ya kubaki kazini. Haimpi sababu ya kwenda kijijini. Wilaya zilizokuwa tupu ziliendelea kutegemea amri za uhamisho na moyo wa mtu.

Matokeo, na kinachojificha ndani yake

Tathmini huru iliyofanywa mwishoni ilikuta kwamba watumishi wenye taaluma katika kada zile 11 waliongezeka kutoka 5,453 mwaka 2004 hadi 8,369 mwaka 2009, ongezeko la asilimia 53. Wahitimu wa vyuo kwa mwaka walipanda kutoka 917 hadi 1,277. Watumishi wa afya kwa ujumla walitoka 0.87 hadi 1.44 kwa kila watu 1,000. Watathmini walikadiria pia kwamba maisha ya watu 13,187 yaliokolewa. Takwimu hiyo ya mwisho sipendi kuinukuu peke yake, kwa sababu imetokana na mahesabu ya kukisia na inategemea dhana nyingi kuhusu huduma zipi zingekosekana. Ila mwelekeo wake hauna ubishi.

Ukiangalia ndani ya takwimu hizi, picha inabadilika kidogo. Kada zilizofikia lengo ni 4 tu kati ya 11, na wauguzi, walio uti wa mgongo wa wodi, hawakuwa miongoni mwao. Na ile ya 1.44 inajumuisha wahudumu wa afya wa vijijini wanaoitwa HSA, ambao katika kipindi hicho walipanda hadi zaidi ya 10,000. Asili yao ni wachanjaji wa ndui wa miaka ya 1960. Walifunzwa kwa wiki chache, wakalipwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia, na kuanzia 2008 wakawa wanatibu malaria, kuharisha na nimonia kwa watoto katika kliniki za vijiji. Kwa hesabu nyepesi, zaidi ya nusu ya watumishi waliohesabiwa kwenye 1.44 walikuwa HSA. Sisemi hivyo kuwadharau, maana pengine shilingi iliyotumika kwao ndiyo iliyozaa zaidi kuliko zote. Lakini HSA hamwekei mama mjamzito damu saa nane za usiku, na mpangaji anayesoma 1.44 bila kujua imeundwa na nini ataamini kwamba tatizo la wodi limeisha.

Vilevile kuna suala la maofisa tabibu, ambalo lilistahili kubeba mpango mzima. Katika utafiti uliochapishwa 2007, kati ya operesheni kubwa za dharura za uzazi 2,131 zilizofuatiliwa Malawi, 1,875 zilifanywa na maofisa tabibu, na matokeo baada ya upasuaji hayakutofautiana sana na yale ya madaktari. Hawa hufunzwa kwa miaka michache kuliko daktari, na kwa kuwa cheti chao hakitambuliki Ulaya, hawahami. Lakini ngazi ya kupanda cheo ilikuwa fupi: mtu anafanya upasuaji kwa miaka 15 na bado yuko chini ya daktari aliyemaliza juzi, ambaye mara nyingi alifundishwa kushika kisu na huyohuyo ofisa tabibu. Mpango wa watumishi wenye akili ungeanza na njia ya kuwapandisha hawa.

Je, nyongeza ndiyo iliyowazuia wauguzi kwenda Uingereza? Uhamaji ulipungua kweli. Ila mwaka 2004 Uingereza ilikaza kanuni zake za maadili ya kuajiri kutoka nchi maskini, na 2006 ikawaondoa wauguzi wa ngazi za kawaida kwenye orodha ya kazi zenye upungufu, hivyo vibali vikawa vigumu kupatikana. Mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja na hakuna namna safi ya kuyatenganisha. Mimi naamini mlango uliofungwa kule ulikuwa na nguvu kuliko noti zilizoongezwa huku. Waliosaidiwa hasa na nyongeza ni wale waliokuwa wanafikiria kuhamia miradi, au waliokwisha acha kazi na kukaa nyumbani.

Na kuna kilichobakiza watumishi wengi bila kuwemo kwenye mpango huu. Tiba ya bure ya UKIMWI ilipoanza, watumishi wa afya nao walikuwa wagonjwa. Hadi katikati ya 2006, zaidi ya 1,000 walikuwa wameanza dawa, na watafiti walikadiria kwamba angalau 250 kati yao waliokolewa. Walipojumlisha siku za kazi za hao waliobaki hai, waliona zinakaribia kutosheleza siku zote za kazi zilizohitajika kuendesha kliniki za tiba hiyo nchi nzima. Kwa lugha ya mipango, hiyo ndiyo hatua ya kubakiza watumishi iliyokuwa na faida kubwa kuliko zote, na ilikaa kwenye bajeti ya dawa, ambako mtu wa idara ya utumishi haangalii.

Kalenda mbili zisizokutana

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Ukipanua chuo leo, jengo la mabweni linachelewa, wakufunzi hawatoshi, wanafunzi wanasongamana kitandani kwa mgonjwa mmoja. Ukishavuka hayo, muuguzi wa ngazi ya kati huchukua miaka mitatu. Ofisa tabibu miaka mitatu na mwaka wa vitendo. Daktari miaka mitano au sita, halafu mwaka mmoja na nusu wa vitendo. Kwa hiyo mpango ulioanza kutekelezwa 2005 ulitarajiwa kumwaga wahitimu wake wengi kati ya 2010 na 2014. Fedha za mpango zilikuwa za hadi 2010.

Yaani wakati wa mpango, tatizo lilikuwa uchache wa watu wa kuajiri, na fedha zilikuwapo. Mpango ulipoisha, watu walikuwapo, na fedha za kuwaajiri zilikuwa zinakwenda zake. Jambo hili halikuhitaji mtabiri. Lilihitaji karatasi moja yenye idadi ya wanaoingia chuo mwaka huu na gharama ya mshahara wao mwaka watakaotoka.

Kilichofuata kilizidisha ubaya. Aprili 2011 serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ilimfukuza balozi wa Uingereza kwa sababu ya waraka wa balozi huyo uliovuja, uliomkosoa rais, na Julai Uingereza ikasimamisha msaada wa bajeti. Mutharika alifariki Aprili 2012. Mrithi wake, Joyce Banda, alishusha thamani ya kwacha kwa takriban nusu mwezi uliofuata, na mshahara wa mtumishi ukashuka pamoja nayo. Septemba 2013 ikafichuka kashfa ya wizi wa fedha za umma iliyopewa jina la Cashgate, na wahisani wakaacha kupitisha fedha zao kwenye mifumo ya serikali. Waliporudi sekta ya afya kwa pamoja, Norway, Ujerumani na Uingereza walianzisha mfuko wao wenyewe wa pamoja mwaka 2015, wenye udhibiti mkali kuliko wa zamani.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa mtu wa nje: wauguzi na hata madaktari waliohitimu wakawa mitaani, huku nafasi zikiwa wazi wodini. Ajabu hiyo inaeleweka ukijua safari ya barua ya ajira. Nafasi huwepo kwenye ikama, ambayo ni orodha ya mahitaji. Ili ijazwe, Hazina ithibitishe kwamba ina fedha, idara kuu ya utumishi itoe idhini, na tume ya utumishi wa afya ifanye usaili. Wizara ya afya, inayolaumiwa na wananchi, ndiyo yenye sauti ndogo katika mlolongo huo. Nafasi wazi na nafasi yenye fedha ni vitu viwili, na takwimu za upungufu zinazotangazwa karibu kila mara huhesabu ya kwanza tu. Nchi inaweza kutangaza upungufu wa asilimia 50 na wakati huohuo ikawa haina nafasi hata moja ya kumwajiri aliyehitimu jana.

Kwa muuguzi kijana asiye na ajira, Uingereza inarudi kuwa jambo la busara. Kumzuia kwa kanuni za kimataifa za kuajiri watumishi wa afya, kama zile zilizopitishwa na WHO mwaka 2010, kunakuwa na maana ndogo pale nchi yake yenyewe inapokuwa haina mshahara wa kumpa.

Ningepanga vipi

Sidhani kosa lilikuwa kutumia msaada kulipa mishahara. Bila uamuzi huo, tiba ya UKIMWI, iliyowafikia karibu watu 200,000 mwishoni mwa 2009, isingepata wa kuitoa kwa kasi ile. Vifo vya uzazi vilishuka hadi 675 katika utafiti wa 2010 na 439 katika ule wa 2015–16, na ingawa sababu ni nyingi, sioni vingeshuka hivyo na wodi zilezile tupu.

Kosa lilikuwa kuweka muda wa dharura kwenye jambo ambalo kwa asili yake ni la miaka 15. Mkataba ungetakiwa kuanzia siku ya kwanza uwe na ngazi za kushuka: mhisani analipa kiasi fulani mwaka wa kwanza, sehemu yake inapungua kidogo kidogo, ya serikali inapanda, na kushuka huko kusianze kabla ya kundi la kwanza la vyuo vilivyopanuliwa kuingia kazini. Udahili wa vyuo nao ungefungwa na makadirio ya Hazina ya muda mrefu. Hapa najua nitapingwa: kwa nini kupunguza udahili katika nchi yenye uhaba? Sisemi upunguzwe. Nasema Waziri wa Fedha asaini karatasi ya udahili, ili wahitimu wasije kuwa mshangao kwake.

Hoja ya fedha za nani imerudi kwa nguvu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Malawi, ambayo huduma zake za UKIMWI zinategemea sana fedha hizo, ikaona watumishi waliokuwa kwenye mikataba ya miradi wakipoteza kazi. Wengi wao walikuwa watu wa kupima, kutoa ushauri na kuingiza takwimu, kada ambazo serikali haikuwahi kuziweka kwenye ikama yake, kwa kuwa kulikuwa na mwingine wa kuzilipa. Kwa hiyo walipoondoka hawakuacha hata nafasi wazi kwenye kumbukumbu za wizara. Kazi yao imewaangukia wauguzi waliobaki, na kwenye orodha rasmi ya upungufu haionekani popote.